Jogoo Hatembei

Jumatatu, 6 Julai

Nesi, kama umelifungua daftari hili, lifunge. Huna adabu. Uliwahi kunipekulia kabati ukasema unatafuta dawa ya kikohozi, na kikohozi chenyewe kilikuwa changu! Funga. Rudisha chini ya mto. Kanawe mikono.

Bado unasoma? Haya, soma uone haya.

Naandika kwa sababu jambo hili lisipoandikwa litapindishwa. Nilifika darasa la tatu tu, lakini herufi zote nazijua na hakuna hata moja iliyowahi kunilalamikia.

Jambo lenyewe ni hili. Miaka miwili iliyopita mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi ng'ambo, aliniletea mchezo wa mezani. Unaitwa Bonde. Sanduku zito kama tofali. Kila mchezaji anajenga bonde lake kwa vipande vya kadibodi: mto, malisho, daraja, kinu cha upepo. Kuna kondoo wa mti wadogo kama maharage. Kuna jogoo mmoja, naye wa mti, mwekundu, mkubwa kama kidole gumba. Mwenye alama nyingi mwishoni ndiye mshindi.

Kijitabu cha sheria kimeandikwa kwa lugha ya wenyewe. Nilikisoma kwa picha. Picha ya kwanza ina mwanamke mtu mzima, mnene kiasi, kakaa mlangoni kwake, jogoo mapajani. Nikaelewa palepale. Jogoo ni wa mwenye nyumba. Nyumba ni yangu. Meza ni yangu. Basi mwenye jogoo anaanza kuchagua vipande kila mzunguko, wengine wanafuata na kuokota kilichobaki.

Hakuna aliyepinga. Tunacheza wanne kila Jumamosi: mimi, Nesi mstaafu wa nyumba ya pili, Fundi Cherehani wa kwenye kona, na mkwe wangu, karani, ambaye yeye na binti yangu wanaishi nami. Jumamosi tisini na nne tumecheza. Nimeshinda sabini na moja. Kalenda ya ukutani ni shahidi.

Sasa Nesi kapata simu kubwa. Anacheza Bonde mtandaoni na watu asiowajua hata pua. Juzi Jumamosi akaja nayo, akasema eti kwenye simu jogoo hatulii. Kila mzunguko ukiisha anahamia kwa mtu wa kushoto, ili kila mtu aonje kuanza. Halafu akanitazama juu ya miwani na kusema mbele ya watu: "Mwenzangu, miaka yote hii ulikuwa hushindi. Ulikuwa unatangulia."

Fundi akacheka. Mkwe akatazama dari.

Wakaamua, kwenye meza yangu, wakinywa chai yangu, kwamba Jumamosi hii tupige kura. Jogoo atembee au akae. Kura nne. Nikishindwa, nitakuwa mchezaji kama wachezaji wengine. Mimi! Ndani ya nyumba yangu! Thubutu.

Jumanne, 7 Julai

Nimepata dawa. Pasipo jogoo hapana kura. Huwezi kupigia kura kitu kisichokuwepo.

Asubuhi, mkwe akiwa kazini na binti yuko bafuni, nilimtoa jogoo sandukuni nikamzika ndani ya kopo la maharage jikoni. Chini kabisa. Jumamosi tutafungua sanduku, tutashangaa, mimi nikishangaa kuliko wote. Nitasema labda mwenyewe amekasirika kusemwasemwa. Tutaendelea kama zamani, mimi nikianza, kwa kuwa pasipo jogoo anaanza mkubwa kwa umri. (Sheria hii nimeitunga leo lakini inasikika ya zamani.)

Jioni.

Sikujua kwamba binti leo ameamua kupika maharage. Wala sikujua kwamba siku hizi hachambui maharage kabla ya kupika, anamimina tu kama anayelisha ng'ombe. Nilimlea mimi huyu?

Tulikaa mezani. Mchuzi mwekundu kuliko kawaida. Binti akajisifu kwamba nyanya za leo zilikuwa nzuri. Mkwe akala kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu kikagonga jino. Akatoa kitu mdomoni kwa adabu, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka kando ya sahani yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, huyu naona alipotea njia."

Jogoo kapauka. Rangi yote imebaki kwenye mchuzi. Sasa ana sura ya mtu aliyelazwa wiki tatu.

Nilisema ni panya. Panya wa siku hizi wana mambo.

Jumatano, 8 Julai

Nimeamua kumfuata adui kwake. Nia yangu: kuikamata mashine ikikosea, kisha Jumamosi niseme hadharani kwamba sheria za simu hazina maana.

Binti akaniwekea mchezo kwenye simu yangu. Mashine ikataka jina. Nikaandika Mwenye Nyumba, ili watu wajue wanaongea na nani.

Mchezo wa kwanza. Wachezaji watatu wageni. Mmoja anaitwa Kobe Mpole, wawili wana namba tu kama wafungwa. Bahati ikanipa jogoo mimi. Nikasema, mmeona? Hata mashine inajua kuheshimu. Nikachagua kinu, safi kabisa. Mzunguko ukaisha. Jogoo akaruka kutoka kwangu akaenda kwa Kobe.

Nikangoja arudishwe. Sikugusa kitu. Binti akasema mama cheza, ni zamu yako, muda unakwenda. Nikamwambia mimi sichezi na mtu aliyeshika mali yangu. Tukangoja. Saa ndogo pembeni ikawa nyekundu, ikamalizika, mashine ikanitoa nje. Binti akanisomea maneno: nimeondolewa kwa kukawia. Kukawia! Kwani kuna basi linatungoja?

Nikataka kumkemea huyo Kobe. Binti akasema huku hakuna kukemea. Kuna maneno yaliyokwisha kuandaliwa, unachagua unabonyeza. Akanisomea: Hongera. Asante kwa mchezo. Umecheza vizuri. Nikauliza yako wapi ya kumwambia mtu hana malezi. Hakuna. Mchezo gani huu? Nikabonyeza Hongera mara kumi na moja kwa hasira zote nilizonazo. Kobe akanijibu kwa moyo mwekundu.

Mchezo wa pili nikawa wa mwisho. Wa tatu, wa mwisho. Wa nne mtu mwenye namba alichukua daraja nililokuwa nimelikazia macho, na sikuwa na wa kumpiga teke chini ya meza. Nilicheza kwa saa tatu nzima. Hakuna aliyepiga chafya. Hakuna aliyesema chai imepoa. Wakimaliza wanatoweka kama wezi wa kuku.

Mashine imenipa nafasi ya elfu arobaini na moja mia tatu na mbili. Kwa hiyo mashine ina kasoro. Nimekwisha kuthibitisha.

Mkwe aliporudi kutoka kazini alisikia habari. Akasema pengine mama angejaribu kujifunza kucheza akiwa wa pili au wa tatu, kuna mbinu zake. Nikamuuliza kama ofisini kwao wamekosa barua za kupanga.

Alhamisi, 9 Julai

Hesabu ya kura. Mimi: akae. Nesi: atembee, hilo halina dawa. Mkwe: ni mkwe, atafuata. Amebaki Fundi. Fundi ndiye kiungo cha mchuzi huu wote.

Siendi kwa mtu mikono mitupu. Nikachukua gauni langu la kijani, lisilo na kasoro yoyote, nikampelekea kama kazi. Kibanda chake kina harufu ya mafuta ya cherehani na pasi ya moto. Nyuma kuna kuku wake wanaparura. Alikuwa amepiga magoti akipinda sketi iliyovalishwa ile sanamu yake isiyo na kichwa.

Nikaanza kwa mbali. Nikamsifu mshono. Nikasema mafundi wa siku hizi wote maji mafu isipokuwa yeye. Halafu nikaingia. Nikamwambia jogoo akikaa kwangu, yeye nitamkalisha kushoto kwangu daima, awe wa pili kuchagua, na wa pili hula vizuri, aulize yeyote. Lakini jogoo akitembea, leo uko wa kwanza kesho uko wa mwisho, maisha gani hayo ya kubahatisha?

Akaitikia, "Mmh."

Nikamuuliza tumekubaliana?

"Mmh."

Na kura yako naijua?

"Mm-mmh."

Nikashukuru. Nikamwachia gauni nikamwambia alifanyie atakavyoona yeye. Nimefika mlangoni ndipo nikamwona anatoa pini mdomoni. Pini nane. Akaniuliza samahani mama, ulikuwa unasemaje, cherehani ya mwenzangu hapo nje inapiga kelele.

Sikurudia. Mtu mzima harudii. "Mmh" ni "mmh" hata ikiwa na pini.

Jioni gauni likaletwa. Amelipanua ubavu huu na ubavu huu. Limenimeza. Alimwambia binti kwamba mama hakusema anataka nini, ila kwa mwendo aliokuja nao aliona lazima linambana.

Ijumaa, 10 Julai

Leo zamu ya mkwe. Si kwamba nina wasiwasi naye, ila mbuzi wako mwenyewe ndiye wa kumfunga kamba kwanza.

Nikamwita sebuleni baada ya kula. Akaketi ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama yuko kwa daktari. Nikamwambia nakujua wewe ni mtu wa makaratasi, kesho Nesi atataka kukutumia, atasema karani asome kile kijitabu. Useme hukijui.

 Akatazama dari. Mtu huyu na dari wana siri gani?

Nikambana.  Akasema mama, naomba radhi. Akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya kaki. Ndani, kurasa sita, mwandiko wake ule ulionyooka kama askari. Sheria zote za Bonde, zimetafsiriwa, zimepigiwa mistari, zimewekewa tarehe. Tarehe ya wiki ileile sanduku lilipofika! Alikaa na kamusi ofisini wakati wa mapumziko, siku nne.

Miaka miwili amejua. Miaka miwili!

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema jioni ile alipokuja na bahasha mkononi alinikuta nimesimama katikati ya sebule nimemshika jogoo, namweleza Nesi na Fundi habari za yule mwanamke wa kwenye picha. Akasema, "Mama ulikuwa umeshafika mbali. Na ulikuwa umefurahi."

Nikamuuliza tena kama alikuwa ananiachia nishinde. Akaapa hapana. Akasema alijitahidi kila Jumamosi, tena sana, na ilikuwa inamuuma.

Nikasoma karatasi. Ukurasa wa pili: jogoo huhamia kwa mchezaji wa kushoto kila mzunguko unapoisha. Niliposoma hapo nikakunja. Sikutaka kusoma zaidi, macho yalikuwa yameshiba.

Nimemwambia bahasha irudi ilikotoka na kesho anyamaze. Sikumwambia aseme uongo. Kunyamaza ni malezi.

Usingizi haukuja upesi. Nimewaza zile sabini na moja. Kisha nikakumbuka kwamba hata kwenye mbio, anayetangulia bado anakimbia mwenyewe. Nikalala.

Jumamosi, 11 Julai

Naandika jioni. Nitaandika kila kitu, hata kisichonipendeza.

Saa tisa walikuja. Nesi na simu yake kifuani kama medali. Fundi na mabaki ya nyuzi kwenye suruali. Nilivaa lile gauni la kijani nimelifunga mkanda. Fundi akaniangalia akaridhika, akasema sasa mama unapumua.

Jogoo nikamweka mezani. Nesi akauliza mbona mgonjwa. Binti akataka kueleza habari za maharage. Nikamtuma jikoni.

Kura. Nesi akainua mkono: atembee. Nikainua wangu: akae. Nikamgeukia Fundi, nikamkonyeza kidogo. Hakuwa na pini hata moja mdomoni. Akasema, taratibu tu, kwamba yeye anaheshimu nyumba hii, lakini Jumamosi nyingi anafika amechoka, anakaa wa pili au wa tatu, na anajua kabla ya kuketi kwamba anarudi nyumbani ameshindwa. Akasema, "Mama, nataka siku moja nami nianze." Atembee.

Mkwe akabaki. Jasho lilimtoka mpaka kwenye masikio. Nesi akamwambia sema baba, usiogope. Mkwe akasema kwa sauti ya panya, "Mimi nipo na mama." Kisha akainamisha kichwa.

Mbili kwa mbili.

Na mbili kwa mbili anaamua nani? Mwenye jogoo! Sheria yangu, ya mwaka wa kwanza, tulipogombana kuhusu feni, nami nimeikumbuka palepale. Wote waliikubali. Nikamshika jogoo nikatangaza: amekaa. Nikaanza kugawa vipande. Raha iliyoje!

Hakuna aliyenyoosha mkono kupokea.

Nesi akavua miwani, akaiweka kwenye kikasha chake, kikalia *tap*. Hakugomba. Ningependa agombe. Alisema sawa tu, mwenzangu, mchezo ni wako, basi ucheze. Akasema yeye ana watu wake wa kwenye simu. Akaanza kufunga mkoba. Fundi naye akasimama, akasema ana sketi za harusi hajazipinda.

Miaka thelathini huyu mwanamke anakaa nyumba ya pili. Alinishika mkono siku ya kumzika mume wangu, na siku hiyohiyo akanilaumu kwamba nimevaa viatu visivyolingana. Sasa alikuwa ananipa kisogo na kutafuta kandambili zake mlangoni. Nikaangalia meza. Mabonde manne, matupu. Jogoo aliyepauka mbele yangu, mwenye haki zote. Nikamkumbuka Kobe Mpole na moyo wake mwekundu. Nikaona nitakavyokaa hapa kila Jumamosi nikibonyeza Hongera.

Nikapaza sauti. Nikawauliza nani kawapa ruhusa ya kuondoka kabla chai haijaja. Nikasema Nesi, wewe tangu zamani una haraka, ndiyo maana sindano zako zilikuwa zinauma. Nikasema huyu jogoo mwenyewe amelala sana, miguu imekufa ganzi, haidhuru akitembea kidogo. Kwa ajili ya afya yake. Leo.

Nesi akasimama mlangoni na kandambili moja. Akasema, "Leo tu?"

Nikasema usinichimbe. Kaa.

Akakaa. Fundi naye akakaa, upesi kuliko alivyosimama. Hizo sketi za harusi sijui zilikwenda wapi.

Nesi akatoa simu atafute sheria ya nani aanze na jogoo, maana mtandaoni mashine huchagua yenyewe. Nikasema acha hiyo. Mkwe, lete bahasha.

Wote wakamgeukia. Alipoileta na Nesi akavaa miwani akaona ile tarehe, alicheka mpaka miwani ikateleza ikaangukia kwenye kondoo. "Miaka miwili, baba! Na mimi nimepoteza macho yangu kwenye simu!" Mkwe akasema alikuwa anamheshimu mama. Nesi akasema heshima hiyo ingekuwa mahari, ungeoa kata nzima.

Mkwe akasoma ukurasa wa tatu, ule ambao sikuufikia. Jogoo huanza kwa mchezaji aliyegusa kuku hai karibuni zaidi.

Nikasema rudia. Akarudia. Ndivyo ilivyoandikwa. Watu wazima wamekaa na kalamu wakaandika hivyo!

Nesi aligusa kuku mwezi uliopita. Mkwe hagusi kuku, anawaogopa. Mimi wa mwisho niliyemgusa alikuwa ameshachinjwa. Fundi akasema yeye aliwafungulia wake leo asubuhi. Akapewa jogoo. Alimpokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto.

Na Bonde ni mizunguko mitano. Sisi ni wanne. Kwa hiyo anayeanza huanza mara mbili. Hilo nililiona palepale, darasa la tatu si bure. Nikawa wa nne kuchagua mzunguko wa kwanza. Nikaokota malisho yenye mawe.

Fundi alama sabini na tisa. Nesi sabini na sita. Mkwe sitini na nane. Mimi arobaini na tisa, na kondoo wawili wasio na pa kulala.

 Fundi aliziangalia alama zake muda mrefu, halafu akaniomba kalamu, akaenda mwenyewe kwenye kalenda akaweka alama yake.  Sikumkatalia. Nesi alinywa vikombe vitatu, akasema chai imepoa.

Jumapili, 12 Julai

Nimelala na jambo hili, nimefikiri. Nimekubali kwamba nilikosea, na kosa langu nimeliona wazi.

Nilipigania jogoo asitembee. Upuuzi! Atembee tu, maskini, azunguke meza nzima. Mwisho wa mzunguko wa nne anarudi pale alipoanzia, na aliyeanza naye anakula mara mbili. Kumbe kazi yote ni kabla ya kuketi. Fundi hakunishinda kwa akili. Alinishinda kwa kuku.

Sheria ni sheria. Mimi ni mtu wa sheria, kila mtu anajua. Imeandikwa aliyegusa kuku hai karibuni zaidi. Haikuandikwa kuku awe wapi.

Kwa hiyo. Mkwe kesho apitie sokoni kabla ya kuingia ofisini. Anunue jogoo mmoja, hai, mpole. Ambebe kwenye kikapu kama anaogopa kumgusa. Wala asimguse, nisije nikajiongezea mpinzani. Binti asimkaribie na kisu. Atakaa ndani, chini ya meza, kamba mguuni, upande wa kiti changu, na Jumamosi saa tisa kamili mkono wangu wa kushoto utakuwa mgongoni kwake.

Na achague asiyewika. Nesi asisikie.